Aliyekugonga hana bima: nani atalipa, na wewe ununue ipi?

"Mimi ni mwalimu. Naishi Ahero na kila asubuhi naendesha gari hadi shule ninayofundisha mjini Kisumu. Mwezi wa tatu, pale Nyamasaria, gari aina ya Probox lilinigonga kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye foleni. Buti, bampa na taa zote mbili zikaenda. Stika ya bima ya yule dereva ilikuwa imepitwa na tarehe. Alinisihi tuelewane, akanitumia shilingi 10,000 kwa M-Pesa, na tangu siku hiyo simu yake haishiki. Niliripoti polisi, nikapewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Gereji ilinitoza 138,000. Kampuni yangu ya bima inasema haihusiki kwa sababu nina thadi pati tu. Binamu yangu aliye Texas ananiambia kwao kuna bima maalumu ya kujikinga na dereva asiye na bima, na kwamba kuendesha bila hiyo ni kujitafutia balaa. Ajenti wangu naye anasisitiza ninunue komprehensivu. Gari langu ni Fielder, thamani yake kama 750,000. Je, pesa hizo zina maana, au nitakuwa nazitupa?"

Mwalimu, pole sana. Kugongwa ukiwa umesimama, kisha ulipie kosa la mwenzako kwa mshahara wako, ni jambo linalouma. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la madai, kwanza Nakuru na baadaye Kisumu, na malalamiko ya namna yako nimeyapokea kutoka kwa wenye matatu, wachuuzi wa samaki, makasisi na walimu wenzako wengi. Nitakujibu kwa ufupi kwanza, halafu nieleze. Bima ile ya binamu yako haiuzwi Kenya kwa jina hilo. Kazi yake hapa kwetu imegawanyika sehemu mbili: bima kamili, ndiyo hiyo komprehensivu, inalinda gari lako, na bima ya ajali binafsi inalinda mwili wako. Kwa mtu anayesafiri barabara ya Ahero kila siku, ningeanza na mwili. Gari lako linafuata, na hapo hesabu si nyepesi kama ajenti anavyokuambia. Lakini kabla ya kununua chochote, zile 138,000 bado hujazipoteza.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo thadi pati, maana jina lenyewe ndilo linalowachanganya watu. Katika mkataba wa bima ya gari kuna pande tatu. Wa kwanza ni wewe mwenye gari. Wa pili ni kampuni. Mtu wa tatu ni yule utakayemdhuru ukiwa barabarani. Bima uliyolipia inamlinda yeye dhidi yako, wala haikulindi wewe. Kwa hiyo kampuni yako haikukudanganya. Siku ile Nyamasaria wewe ndiwe uliyekuwa mtu wa tatu, tena mtu wa tatu wa Probox. Kampuni inayostahili kubishiwa hodi ni ile iliyoikatia Probox bima, ikiwa ipo.

Sheria inayolazimisha bima hiyo, Sura ya 405, ilitungwa kwa ajili ya damu na mifupa. Inamlazimisha mwenye gari awe na bima ya kifo na majeraha ya wengine. Haimlazimishi kukinga mali yao. Kampuni nyingi huongeza uharibifu wa mali ndani ya mkataba, lakini kwa kiwango walichokiandika wao. Hata kwa majeraha kuna kikomo: kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikikata zaidi ya hapo, salio anadaiwa mwenye gari mwenyewe. Nakwambia haya kwa sababu watu wengi hudhani dereva mwenye stika halali ni sawa na hundi ya benki, na sivyo.

Sasa stika. Umeona tarehe imepita ukahitimisha kwamba gari halina bima. Inawezekana, lakini si lazima. Siku hizi vyeti vya bima ya magari hutolewa kidijitali kupitia mfumo wa chama cha kampuni za bima nchini, AKI, na unaweza kukagua hali ya gari kwa namba yake ya usajili. Nimeona magari mengi yaliyofanyiwa malipo mapya lakini mwenyewe hajachapisha karatasi. Nimeona pia kinyume chake: stika inang'aa kiooni lakini mkataba ulifutwa kitambo. Hasa magari yanayobeba abiria huku kwetu, wenyewe hulipia bima mwezi kwa mwezi, na wiki moja ya biashara mbaya inatosha kuacha pengo. Kwa hiyo jambo la kujua si kama ana bima leo. Jambo la kujua ni kama alikuwa nayo tarehe ile, saa ile.

Ukiipata kampuni hiyo, jiandae kwa hoja moja. Probox nyingi za magharibi ya Kenya zimekatiwa bima kama magari ya binafsi ilhali zinabeba abiria wa kulipa. Kampuni ikigundua hivyo, itasema gari lilitumika kinyume cha mkataba, na madai ya mali yanaweza kukwama hapo. Usikate tamaa kwa jibu la kwanza. Waombe walitoe kwa maandishi.

Na kama kweli hakuna bima yoyote? Basi deni linabaki kwa watu. Nasema watu, kwa wingi, kwa kuwa dereva si peke yake. Fanya utafutaji wa gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ujue limesajiliwa kwa jina la nani. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mwenye gari aliyemtuma dereva kazini hubeba makosa ya dereva wake. Mara nyingi dereva hana kitu, lakini mwenye Probox ana Probox nyingine tatu na duka Kondele. Huyo ndiye hatataka kuliona gari lake likivutwa na dalali wa mahakama.

Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Unaonyesha jina la aliyekutumia, tarehe na saa, na ni vigumu mtu kueleza kwa nini alimtumia mtu asiyemjua shilingi 10,000 dakika chache baada ya kugonga gari. Kupokea pesa hizo hakujafuta dai lako, alimradi hukutia sahihi popote kwamba umeridhika na yamekwisha. Zitatolewa tu kwenye jumla, zibaki 128,000. Namba ya OB pekee haitoshi. Rudi kituoni uchukue abstrakti ya polisi, yaani ripoti yao fupi ya ajali, na uhakikishe imeandikwa namba ya gari lake, jina la dereva na kampuni ya bima, au angalau kwamba bima haikuonyeshwa. Ongeza picha na risiti za gereji.

Dai la kiasi hicho linaingia vizuri katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kwa makosa ya namna hii sheria inakupa miaka mitatu tangu siku ya ajali, kwa hiyo muda unao, ila mashahidi husahau na watu huhama. Anza na barua ya madai kwa dereva na kwa mwenye gari. Nimeshuhudia barua moja yenye namba ya gari, tarehe na kiasi kamili ikileta pesa kuliko miezi sita ya kupiga simu. Hata hivyo sitakuficha: hukumu ni karatasi mpaka mtu alipe, na asiye na mali wala mshahara anaweza kukulipa 2,000 kwa mwezi kwa miaka. Hapo ndipo swali lako la bima linapopata uzito.

Tuje kwa binamu yako. Alichokuambia ni kweli kwa Texas. Marekani, takriban dereva mmoja kati ya saba hana bima, ndiyo sababu kampuni zao huuza kinga hiyo, na majimbo mengine huilazimisha. Ila kuna jambo ambalo huenda hakukueleza: kiini cha bima ile ni mwili wa mtu, yaani gharama za hospitali, mishahara inayopotea na maumivu. Uharibifu wa gari huwa ni kipengele cha pembeni, na si kila jimbo linacho. Nchi nyingine zimelitatua tatizo hilo kwa mifuko ya pamoja. Uingereza ina shirika la kampuni za bima lililoanzishwa mwaka 1946 kuwafidia waliogongwa na madereva wasio na bima au waliotoroka. Afrika Kusini hukata kodi kwenye kila lita ya mafuta kwa kazi kama hiyo. Kwetu hakuna mfuko wa namna hiyo. Anayegongwa usiku Awasi na gari lisilojulikana anabaki na familia yake, hospitali, na harambee. Binafsi naona hilo ni pengo kubwa kuliko yote katika bima ya magari nchini, na linaniumiza kila ninapopita wadi ya mifupa pale hospitali ya Jaramogi, Kisumu.

Ndiyo sababu nasema uanze na mwili. Watu husikia neno komprehensivu, au bima kamili, wakaamini imewakamilishia kila kitu. Haijakamilisha. Isome: inalipia gari lako likigongwa, likipinduka, likiungua au likiibwa, na inalipia watu wa tatu. Kwa mguu wako wewe dereva, kwa kawaida ina kipengele kidogo tu cha matibabu, makumi ya maelfu ya shilingi, ambacho kinaweza kuisha kabla hujatoka chumba cha upasuaji. Na kama aliyekosa ni Probox isiyo na bima, hakuna kampuni ya bima unayoweza kuidai kwa makosa yake.

Bima ya ajali binafsi hufanya kazi tofauti. Haiulizi nani alikosa, wala kama aliyekugonga ana stika. Mnakubaliana kiasi mwanzoni: kiasi fulani ukifariki, kiasi fulani ukipata ulemavu wa kudumu, malipo ya kila wiki ukishindwa kufanya kazi kwa muda, na kikomo cha matibabu. Ukithibitisha ajali na majeraha, inalipa. Inakufuata hata ukiwa abiria wa matatu au juu ya bodaboda, na kwa maisha ya Kisumu hilo si jambo dogo. Mara nyingi bei yake kwa mwaka ni ndogo sana ukilinganisha na bima kamili ya gari. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: bodaboda imeondolewa? Na ulemavu wa sehemu, kama kupoteza vidole viwili, unahesabiwaje? Ukiwa umeajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, au shule yako ina mpango wa pamoja, uliza pia sehemu ya ajali inasema nini, usije ukalipia kitu kimoja mara mbili. Michango yako ya SHA, bima ya afya ya serikali, iendelee bila kukatika. Hiyo ndiyo sakafu, na nyingine zote zinajengwa juu yake.

Sasa gari. Tufanye hesabu ya kalamu. Viwango hutofautiana kati ya kampuni, basi tuchukue asilimia 5 kwa mfano. Asilimia 5 ya 750,000 ni 37,500. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya asilimia 0.25 ya mfuko unaofidia wateja wa kampuni za bima zilizoanguka na ushuru wa stempu wa shilingi 40, unafika kama 37,700. Kampuni nyingi zina kiwango cha chini kabisa cha malipo, hivyo usishangae ukitajiwa zaidi. Tuseme thadi pati yako ni 7,500. Tofauti ni kama 30,200 kila mwaka.

Ungekuwa nayo mwezi wa tatu, ungelipwa ngapi? Kuna eksesi, sehemu ya hasara ambayo unabeba mwenyewe. Kwa gari la binafsi mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani, yaani 18,750 kwako. Ungepata 119,250. Gawanya kwa ile tofauti: ni karibu miaka minne ya malipo. Maana yake, ukipata ajali ya buti na bampa mara moja kila miaka minne, unarudisha pesa zako tu. Ukiipata mara moja kwa miaka kumi, umeilipa kampuni zaidi ya ilivyokulipa. Ajenti hakukueleza hivi, lakini ni haki yako kujua: kwa ajili ya mabati na taa peke yake, bima kamili haijilipi kwa dereva mwangalifu.

Inajilipa siku gari linapokwisha kabisa. Lori likikosa breki mteremko wa Salgaa, Fielder haibaki na kitu cha kunyoosha. Hapo unazungumzia 731,000 na ushei baada ya eksesi, na hizo ni malipo ya tofauti ile kwa miaka 24. Kwa hiyo swali ambalo ningekuuliza ukikaa mbele yangu si kama utagongwa tena. Ningekuuliza: gari hili lisipokuwepo kesho asubuhi, utapata lingine baada ya muda gani, na utakopa kwa nani? Kama umelinunua kwa mkopo wa Sacco ambao bado unakatwa kwenye payslipu, jibu langu ni nunua bima kamili bila kusita. Kulipia gari lililo kwenye uwanja wa vyuma chakavu kwa miaka mitatu ni adhabu. Kama ni lako huru, una akiba ya kama laki tatu, na siku gari likikosekana matatu ya Ahero inakufikisha kazini, unaweza kubaki na thadi pati, ununue ajali binafsi, na ile 30,000 uiweke Sacco kila mwaka kwa jina la gari. Lakini uiweke kweli. Wengi huniambia watajiwekea, na Januari karo inaila.

Kwa hali uliyonieleza, fundi kukutoza 138,000 kumekutikisa hadi ukaniandikia. Hilo linanifanya niegemee kwamba huna akiba ya kubeba hasara ya 750,000. Ningekushauri ununue zote mbili, na kama pesa haitoshi mwaka huu, ajali binafsi itangulie.

Ukiamua kununua, jihadhari na mambo yanayoangusha madai. Usishushe thamani ya gari ili ulipe kidogo. Ukiandikisha 500,000 ilhali gari ni 750,000, kampuni itahesabu kwamba theluthi moja ya hatari unajibebea, na bili ya 138,000 itaanza kuhesabiwa kama 92,000 kabla hata ya eksesi. Gari likaguliwe na mthamini, na ulingane na ripoti yake. Kama asubuhi unabeba walimu wenzako nao wanakuchangia mafuta, mwambie ajenti kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi, maana ndiko hoja ya abiria wa kulipa inakozaliwa. Kama gari linakaribia miaka 12 au 15, uliza kwanza kama kampuni inalikubali. Na baada ya kuwa na bima kamili, yale maelewano ya kando ya barabara yaache kabisa. Kampuni ikikulipa hurithi haki yako ya kumfuata aliyekosa. Ukiwa umeshamsamehe kwa sahihi yako, umeiuza haki yao, na wanaweza kukataa kukulipa.

Jambo moja la huku kwetu hasa: malori na mabasi yenye namba za Uganda, Rwanda na kwingineko yanayopita kutoka Busia na Malaba. Ukigongwa na mojawapo, usidhani hakuna bima kwa kuwa huoni stika ya Kenya. Omba Kadi ya Njano ya COMESA. Hiyo ndiyo bima yake ya mtu wa tatu akiwa ndani ya nchi yetu. Piga picha ya kadi, namba yake na nchi iliyoitoa, kabla lori halijaondoka.

Kuna wakati ambapo maelezo kama haya hayatoshi na unapaswa kumwona mtu uso kwa uso. Kama tangu ajali unahisi shingo au mgongo, nenda hospitali sasa, hata kama umechelewa, kisha ujaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, na umwone wakili kabla ya kuandika barua yoyote. Kesi ya majeraha si ya kujisimamia, na kuna tarehe ndogo zinazoua dai kubwa: kampuni ya aliyekugonga ikipatikana, lazima ipewe notisi ya kesi ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria, la sivyo inaweza kuikwepa hukumu. Wakili pia umwone mtu akikuletea karatasi ya kutia sahihi akiwa na pesa mkononi. Kwa kuchagua bima, mtafute broka mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, akuletee bei za kampuni tatu pamoja na mikataba yenyewe, si vipeperushi. Mwulize pia kampuni ipi hulipa madai haraka. Tumeona kampuni zikiwekwa chini ya usimamizi wa kisheria zikiwa na madai ya watu ndani, United mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na bei rahisi haikuwasaidia waliokuwa nazo.

Wiki hii, basi, fanya ya kwanza tu: kituo cha polisi kwa abstrakti, eCitizen kwa jina la mwenye Probox, na ukaguzi wa bima yake kwa tarehe ile ya mwezi wa tatu. Ukipata jina la kampuni, au ukithibitisha hakuna, niandikie tena na matokeo hayo, tutaipanga barua ya madai pamoja.